Mpishi wa Kambi na Soksi ya Mwalimu Theonest

Ulipomuuliza Mbuke binti Mihayo kazi yake, alikujibu kwa maneno mawili tu: "Mimi napika." Alisema hivyo misheni ya Ushirombo alipowapikia masista, na alisema hivyo kwenye machimbo ya dhahabu huko Geita mwaka 1984, nilipomkuta amesimama mbele ya wachimbaji arobaini wenye njaa na vumbi, akiwapanga foleni kwa upawa. Wanaume wale hawakuogopa polisi wala shimo linalobomoka, lakini mama huyo akiinua upawa walinyamaza kama watoto wa darasa la kwanza. Mimi nilicheka peke yangu. Nilijua jambo ambalo wao hawakulijua, kwamba mpishi wao aliwahi kuwa manju, yaani kiongozi wa ngoma, tena manju wa wiki mbili tu.

Wiki mbili hizo ni za mwezi Juni mwaka 1976, kwenye kambi ya watoto ya likizo pale Samuye. Mimi Anisia nilikuwa mwalimu msaidizi, msichana wa Kisumbwa kutoka Ushirombo, na kazi yangu ilikuwa kuhesabu watoto. Nilihesabu asubuhi, mchana na jioni. Walikuwa sitini, wengi wao wa mjini, kutoka Ngokolo na Ibadakuli, watoto wa makarani, wauguzi na watu wa reli. Walilala kwenye madarasa ya shule ya msingi iliyofungwa, wakala ugali wa unga wa njano wa msaada, na kila siku saa nne kamili walijifunza utamaduni.

Ndiyo, saa nne kamili. Mkuu wa kambi alikuwa Mwalimu Theonest, kijana mwembamba mwenye miwani kutoka Bukoba, mwenye kaptura iliyopigwa pasi na soksi nyeupe zilizofika magotini. Alikuwa mtu mwema. Ugonjwa wake ulikuwa mmoja tu, ratiba. Aliitoa kwenye semina fulani, akaibandika ukutani, akavaa filimbi shingoni, na kuanzia hapo hata mbu wa Samuye walitakiwa kuuma kwa zamu. Kwenye ratiba hiyo paliandikwa: "Saa 4 hadi saa 5, Utamaduni." Siku ya kwanza aliandika ubaoni, "Utamaduni ni nini?" Watoto wakanakili. Siku ya pili aliandika, "Ngoma ni chombo cha muziki kilichowambwa ngozi." Watoto wakanakili, na mmoja akalala na kalamu mdomoni.

Siku ya tatu Mwalimu Theonest alipata wazo la kuleta ngoma yenyewe. Aliazima moja kijijini, kubwa, ya ngozi ya ng'ombe, akaiweka mbele ya darasa, akasafisha koo na kuipiga. Ikatoa sauti ya mtu anayedondosha mto wa pamba. Akapiga tena. Watoto walianza kucheka kwa chini, kisha kwa juu. Mwalimu alipuliza filimbi, lakini filimbi ikasikika kuliko ngoma, na hapo hata mimi nikauma midomo.

Jikoni, hatua kumi kutoka dirishani, mtu alikuwa anacheka kuliko sisi sote. Ni Mbuke. Sisi kambini tulimwita Mama Limi, kwa jina la binti yake mkubwa. Alikuwa na miaka arobaini na minne, mnene wa mikono, mjane, na alikuwa na tabia ya kuongea na sufuria zake. Alikuja mlangoni akijifuta machozi kwa kanga.

"Mwalimu," alisema, "hiyo ngoma ina baridi. Asubuhi ya Juni hata wewe ukipigwa hutoi sauti."

Akaibeba begani bila kusubiri jibu, akaipeleka jikoni, akaigeuzia ngozi kwenye moto wa maharage. Aliizungusha taratibu, akiigonga kwa kidole, akisikiliza, akiizungusha tena. Watoto sitini walihama darasani bila kuruhusiwa wakamzunguka. Alipoona imekaza, aliiweka chini akaipiga mara tatu tu. Nilihisi mapigo yale tumboni. Kule getini mlinzi wetu, Mzee Maduhu, ambaye kwa siku tatu hatukuwahi kumwona amesimama, alisimama.

Alikuja akikokota viatu vyake vya matairi, mzee wa miaka sitini na miwili, mrefu, jicho moja limefumba kidogo kama la mtu anayelenga.

"Mwangaluka, ng'wana Mihayo," alisema, salamu ya asubuhi ya Kisukuma. Ng'wana ni mtoto. Alikuwa anamwita mtoto wa Mihayo.

"Mwangaluka," alijibu Mama Limi kwa sauti kavu, bila kuongeza hata "shikamoo" anayostahili mzee. Kisha akarudi kwenye maharage yake. Nilishangaa, maana mama yule aliwaamkia hata mbuzi.

Mwalimu Theonest hakuona baridi hiyo. Aliona watu wawili wanaojua ngoma, na saa moja kwenye ratiba isiyo na mwenyewe. Papo hapo akawagawa watoto nusu kwa nusu: Kundi A kwa Mama Limi, Kundi B kwa Mzee Maduhu. Siku ya kufunga kambi wazazi watakuja, mgeni rasmi atakuja, na kila kundi litacheza dakika kumi na kupewa alama. "Nidhamu alama ishirini, usafi ishirini, sauti ishirini," alisema, akiandika. Mama Limi na Mzee Maduhu walitazamana, wakasema kwa pamoja, "Sawa, mwalimu." Nimefundisha miaka mingi baada ya hapo, na bado sijasikia "sawa" ya uongo kama ile.

Jioni ile nilimsaidia Mama Limi kuchambua maharage, nikamuuliza Mzee Maduhu amemkosea nini.

"Mzee Maduhu hajanikosea," alisema. "Mimi ndiye niliyekosa."

Akanieleza. Wasukuma wana vyama viwili vikubwa vya ngoma, Bagalu na Bagika, na baada ya mavuno hushindana. Hawachezi kwa zamu, na hakuna wa kutoa alama. Wanacheza wakati mmoja, uwanja mmoja, upande huu na upande ule, na watazamaji wanakwenda wanakotaka. Mwishoni, mwenye watu wengi ndiye mshindi. Kwa hiyo manju hutafuta kila mbinu ya kuvuta watu: dawa, nyimbo za kumkejeli mwenzake, nyoka, vituko. Baba yake, Mihayo, alikuwa manju wa Bagalu, na kwa miaka sita hakuna aliyemshinda hapo Samuye. Mwaka 1941 walikutana na Bagika wa Maduhu, wakati huo kijana ambaye hakuna aliyemjua. Siku ya kwanza Mihayo akashinda. Ya pili, akashinda.

"Siku ya tatu," alisema Mama Limi, "Maduhu alitoa mtu wa mti. Alikuwa karani wa kodi, mwana! Ana kofia, ana daftari, anavutwa kwa kamba, anaandika, anakuna shingo. Mimi nilikuwa na miaka tisa. Nilikuwa nimekaa miguuni kwa baba, kwenye ngoma yake. Nikaona kile kichwa kinageuka kule ng'ambo. Nikaondoka mbio."

Alitupa jiwe dogo lililokuwa kwenye maharage.

"Watoto wenzangu wakanifuata. Mama zao wakawafuata watoto. Kidogo kidogo uwanja wa baba ukabaki mtupu. Mtoto wake mwenyewe, Anisia! Ndiye aliyetoka wa kwanza. Na tangu siku ile baba hakupiga ngoma tena mpaka amekufa, mwaka wa nane sasa. Hakunichapa. Hakunigombeza hata neno. Angenichapa, ningepona."

Nilitaka kumwambia mtoto wa miaka tisa hana kosa. Lakini alikuwa ameshainua uso, na macho yake yalikuwa na ukorofi mpya.

"Nikimwachia mzee yule uwanja mtupu mara moja tu," alisema, "nitakwenda kaburini kwa baba nimwambie. Basi. Nitaendelea kupika."

Kuanzia kesho yake hapakuwa tena na Kundi A wala Kundi B. Palikuwa na Bagalu na Bagika. Mtoto wa karani wa posta aliyekuja kambini hajui kuhesabu mpaka kumi kwa Kisukuma alikuwa anajua, kufikia Jumatano, jinsi ya kukanyaga chini mpaka vumbi lipande magotini. Walijifunza kuwamba ngozi, kufunga njuga miguuni, kuitikia. Walijifunza pia kukejeliana, na hapo ndipo Mwalimu Theonest alipoanza kukosa usingizi. Bagika walikaa mlangoni kwa jiko wakaimba:

Maharage ya Mama Limi yana mawe,
meno yetu tumeyaacha sahanini.

Bagalu hawakulala nalo. Waliimba kwamba mlinzi wa kambi ni hodari sana, mwizi akija humwamsha mwenyewe. Foleni ya chakula ikagawanyika mara mbili. Mama Limi, naona aibu kumsema, aliwapa Bagalu wake upawa uliojaa na Bagika upawa uliotikiswa. Mzee Maduhu naye aliwafungulia getini Bagika waende kuokota mapera, akawafungia Bagalu. Nilipohesabu watoto walinijibu "Bagalu thelathini!" "Bagika thelathini na mwerevu mmoja, Mzee Maduhu!" na hesabu yangu ikavurugika.

Mwalimu Theonest aliitisha kikao cha nidhamu. "Utamaduni," alisema, "unatakiwa utuunganishe!"

"Umetuunganisha, mwalimu," alisema Mzee Maduhu kwa upole. "Tangu nizaliwe sijapata kumfikiria mtu mchana na usiku kama ninavyomfikiria mama huyu."

Mama Limi aliangalia pembeni ili asicheke. Aliniambia baadaye kwamba hiyo ndiyo hila ya mzee, anakuchekesha kisha anakunyang'anya watu.

Mtoto bora wa Bagalu alikuwa Mektilda, msichana wa miaka tisa wa Ngokolo, ambaye baba yake alikuwa fundi wa reli. Alikuja kambini akilia, hataki kulala bila godoro. Sasa alikuwa na sauti ya kuongoza wimbo na kichwa kigumu, na Mama Limi alimpenda kupita kiasi. Kwenye mazoezi alimkalisha miguuni pake, karibu na ngoma. Nilipoona hivyo moyo uliniuma kidogo.

Wiki ya pili, kibanda cha mlinzi kilifungwa mlango kwa gunia, na kutoka ndani ilisikika tezo ikichonga. Bagika walizunguka kibanda wakilinda. Siku hiyohiyo soksi moja ya Mwalimu Theonest ilipotea kwenye kamba ya nguo. Alipanga watoto mstari, akakagua mifuko, akahutubia juu ya mali ya mwenzio. Hakuna aliyekiri. Alimaliza kambi akivaa soksi moja nyeupe na moja ya kijivu, na hilo lilimtesa kuliko malaria.

Mama Limi hakuweza kuvumilia sauti ya tezo. Alimwita Mektilda, akampa kipande cha sukari guru, akamtuma akachungulie nyuma ya kibanda, kwenye ufa wa udongo. Mtoto alirudi mbio, macho yametoka.

"Umeona nini?"

"Mguu, Mama Limi. Mguu wa mti. Umevaa soksi."

"Na juu ya mguu?"

"Sikuona. Wamenifukuza." Kisha akauliza, huku akilamba vidole, "Juu yake kuna nini?"

"Takataka," alisema Mama Limi. Lakini hilo ndilo lilikuwa kosa lake, na alilifanya kwa mkono wake mwenyewe. Huwezi kumwonyesha mtoto wa miaka tisa mguu, ukamwambia asitake kuona kichwa.

Siku ya kufunga ilikuwa Jumamosi. Wazazi walikuja kwa baiskeli na lori, wanakijiji wakaja wenyewe bila kualikwa, na kufikia saa nane walikuwepo watu wasiopungua mia tatu. Mwalimu Theonest aliweka meza katikati ya uwanja, kitambaa, maua ya karatasi, na karatasi zake za alama. Mgeni rasmi alikuwa afisa mmoja kutoka mjini, mtu wa makamo mwenye kitambi cha heshima, mwenyeji wa hukuhuku Usukumani. Alitazama upande mmoja akaona ngoma, akatazama upande wa pili akaona ngoma, akatabasamu mwenyewe. Nadhani yeye peke yake, kati ya wakubwa wote, alijua kinachokuja.

"Kundi A," alitangaza Mwalimu Theonest, "dakika kumi." Akapuliza filimbi.

Ngoma zote mbili zililia kwa pamoja.

"Kundi A peke yake!" alipiga kelele. Hakuna aliyemsikia. Akapuliza filimbi tena, na Bagalu wakaigeuza filimbi ile kuwa sehemu ya wimbo. Mektilda alipaza sauti:

Ratiba imesema tucheke saa nne,
kicheko kimekuja saa tatu, tukifiche wapi?

Wenzake ishirini na tisa wakaitikia kwa miguu. Mama Limi alikuwa nyuma ya ngoma, kanga ameifunga kiunoni, njuga miguuni, na mwiko wa ugali ameuchomeka mgongoni kama upinde. Alipiga kwa mikono miwili, mabega yakicheza peke yake. Mwanamke niliyezoea kumwona ameinamia sufuria alikuwa mrefu siku ile. Tena alikuwa na hila yake: masufuria ya wali na nyama ya sherehe alikuwa ameyapanga upande wake, upepo unakotoka, na kila alipomaliza ubeti msichana mmoja alifunua kifuniko. Watu walikuja. Wakaja tena. Wazazi walisikia wimbo wa bwana mmoja anayepimia watoto usingizi kwa saa ya mkononi, wakapiga vigelegele. Mgeni rasmi aliinuka, akabeba kiti chake mwenyewe kichwani, akahamia kwa Bagalu.

Upande wa Maduhu walibaki watu kumi na watano hivi na mbwa. Mzee alikuwa anapiga ngoma taratibu, kama anayesubiri basi. Nilimtazama Mama Limi. Alikuwa amekwisha kuona uwanja wa mwenzake ulivyo, na uso wake uling'aa kwa furaha ambayo sikuwahi kuiona kwake. Nilifurahi naye mpaka nikasahau kuhesabu.

Ndipo gunia likafunguliwa.

Mtu wa mti aliinuka juu ya vichwa vya Bagika, mrefu kuliko mlango. Alikuwa na kaptura. Alikuwa na filimbi mdomoni na karatasi kubwa imeshikizwa kifuani. Mguu mmoja ulikuwa na soksi nyeupe mpaka gotini, mwingine ulikuwa mtupu. Mzee Maduhu, amepanda juu ya sanduku, alivuta kamba. Kichwa kikageuka kulia, kikageuka kushoto. Mkono ukapanda taratibu mpaka usoni, mtu wa mti akatazama saa yake ya bati, akatikisa kichwa kwa masikitiko makubwa.

Kelele za watu zilitisha kunguru kwenye paa. Wale kumi na watano walishika mbavu. Upande wetu shingo zikaanza kupinda. Nikamtazama Mektilda. Alikuwa ameacha kuimba katikati ya neno. Alitazama kichwa kile, akamtazama Mama Limi, akatazama tena kichwa. Nikaona magoti yake yanacheza. Halafu akaondoka mbio, njuga zikilia.

Bagalu watatu wakamfuata, kisha kumi, kisha wote. Mama zao wakawafuata. Mgeni rasmi akabeba kiti. Haikuchukua muda, Mama Limi alikuwa anapiga ngoma mbele ya masufuria ya wali na mimi.

Aliacha kupiga. Mikono ilibaki juu ya ngozi. Sijui niandike vipi uso wake. Ulikuwa wa mtoto, na ulikuwa wa mzazi pia. Nilidhani atalia. Lakini alichomoa mwiko mgongoni, akasema kwa ukali, "Namfuata yule mtoto," akaondoka kwa hatua kubwa. Na mimi nikamfuata, maana watoto wote sitini walikuwa kule.

Alipenya mpaka mbele, akasimama nyuma ya Mektilda, mwiko umeinuliwa. Mtoto hakujua. Alikuwa amefungua mdomo wote, anacheka. Wakati huohuo Mwalimu Theonest alipenya kutoka upande wa pili, amepauka, ananyoosha kidole.

"Hiyo," alipaza sauti, "hiyo ni soksi yangu!"

Watu wakamgeukia. Mzee Maduhu juu ya sanduku alivuta kamba moja tu. Mtu wa mti akainama, akautazama mguu wake, akamtazama mwalimu, akakubali kwa kichwa. Ndiyo. Ndiyo. Ni yako.

Wa kwanza kuangua kicheko alikuwa Mama Limi. Kilimtoka kama maji ya bomba lililopasuka, akajikunja, mwiko ukamponyoka. Mwalimu Theonest alijaribu kukasirika, akashindwa, akaketi chini na kaptura yake ya pasi, kwenye vumbi, akicheka mpaka miwani ikamdondoka. Hakuna mtu aliyekumbuka karatasi za alama. Zilipeperuka, na mbuzi wa shule alizila, pamoja na nidhamu alama ishirini.

Alasiri, wakati wa kugawa wali, Mzee Maduhu alipanga foleni kama mtu mwingine yeyote na kunyoosha sahani yake. Mama Limi alimwekea wali bila kumtikisia upawa. Alikuwa mnyonge tena.

"Umenishinda, mzee," alisema. "Kama ulivyomshinda baba. Na tena ni mtoto wangu aliyetoka wa kwanza. Shikamoo."

"Marahaba." Mzee hakuondoka. Nyuma yake foleni ilianza kunung'unika. "Ng'wana Mihayo, leo nimeona jambo lilelile mara ya pili. Mwaka ule nilikuwa juu ya sanduku, naona vichwa vyote. Nilikuona wewe unakuja wa kwanza. Ukasimama mbele kabisa."

"Najua."

"Hujui. Nyuma yako alikuja bibi mmoja amejitanda shuka mpaka machoni. Akasimama nyuma yako, karibu kukugusa. Anacheka mpaka shuka inatikisika. Nikasema, huyu bibi ni nani? Nikatazama chini. Miguuni ana njuga za manju."

Upawa wa Mama Limi ulisimama hewani, wali ukidondoka.

"Baba yako alikuja kukuchukua," alisema mzee. "Ndivyo alivyoniambia baadaye. Alichukua shuka ya bibi mmoja wa upande wake, akajifunika, akaja akurudishe. Akafika, akamwona karani wa kodi anakuna shingo. Basi, akasahau alichokifuata. Alikaa mpaka mwisho, amesimama nyuma yako. Wa pili kutoka alikuwa yeye."

"Mbona aliacha ngoma?"

"Manju kazi yake ni kumkejeli mwenzake. Mwaka uliofuata alijaribu kutunga wimbo wa kunitukana. Kila akifika kwenye jina langu anamkumbuka karani, anacheka. Akaniambia, Maduhu, mdomo umeniharibikia. Akaacha. Hakuacha kwa huzuni. Tulikuwa tunakunywa pombe pamoja kule Ibadakuli, wewe umeshaolewa."

"Na kwa nini," alisema Mama Limi polepole, "kwa nini hukuniambia?"

Kwa mara ya kwanza Mzee Maduhu alitazama viatu vyake. "Aliona aibu watu wajue manju alitoroka ngoma yake. Alinipa beberu nisiseme."

"Ukamla?"

"Nilimla."

Machozi yalikuwa yanamtoka Mama Limi na alikuwa anacheka, na katikati ya hayo yote alikasirika kabisa. "Miaka thelathini na mitano!" alifoka. "Miaka thelathini na mitano mimi nimebeba kosa kifuani, na wewe umebeba beberu tumboni!" Akaichukua sahani ya mzee, akarudisha nyama yote sufuriani, kipande kwa kipande, akamkabidhi wali mtupu. Mzee aliupokea kwa mikono miwili na kusema ahsante. Dakika chache baadaye nilimwona Mama Limi anampelekea nyama getini, nyingi kuliko ya mgeni rasmi, akimtukana njia nzima.

Asubuhi ya Jumapili lori lilikuja kuwachukua watoto. Mwalimu Theonest alisimama na soksi mbili nyeupe zinazofanana, akamwuliza Mzee Maduhu aandike nini kwenye taarifa, nani mshindi. Mzee alisema aandike kwamba watu wote walikuwepo. Akaandika hivyo, na ni kweli.

Mektilda hakutaka kupanda lori. Alikuwa amejificha nyuma ya jiko tangu alfajiri, jana hakula nyama, hajaja hata kuaga. Mama Limi alimkuta pale, akachuchumaa mbele yake. Mtoto alianza kulia kabla hajaulizwa.

"Nisamehe, Mama Limi. Nilitaka kuona kichwa tu."

Mama Limi alimfuta uso kwa pindo la kanga, kwa nguvu, kama anayesugua sufuria.

"Nisikilize," alisema. "Ukiona kitu kizuri, nenda. Nenda mbio. Ila ukishafika, geuka nyuma uone nani amekufuata."

Mektilda alivuta kamasi, akageuka palepale kutazama. Nyuma yake nilikuwa nimesimama mimi na daftari langu, nimemtafuta kambi nzima, kwa sababu kwenye lori walikuwa hamsini na tisa.